Kamati ya Maktaba ya Kata: Nani Awemo, Nani Ashauri, Nani Alipwe

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Victoria, na tangu nistaafu ni katibu wa kamati ya maktaba ya kata yetu. Watu wa kata nyingine hunijia wakitaka kujua wafanyeje ili nao wawe na maktaba, na karibu wote huanza kwa kuuliza vitabu vitatoka wapi. Mimi huwauliza kwanza: nani atafungua mlango Jumanne saa tisa alasiri, mvua inanyesha na hakuna mgeni rasmi? Mkishampata mtu huyo na wenzake wa kumshika mkono, njooni tuzungumze habari za vitabu.

Huku kwetu kujitolea kwa ajili ya kisomo kuna historia ndefu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mikoa inayozunguka Ziwa Victoria iliteuliwa kwa mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, UNESCO ikisaidia. Vitabu vya kujifunzia viliandikwa kwa kufuata shughuli za watu: pamba, migomba, ng'ombe, uvuvi. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mtihani wa kisomo wa taifa wa 1975 ulionyesha kwamba asilimia 39 ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Wa 1986 ukaonyesha wamebaki chini ya asilimia 10. Walimu wengi wa madarasa yale walikuwa wanavijiji wa kawaida waliojitolea. Mwaka 1974 Kanda ya Ziwa ikapata gazeti lake la vijijini, Elimu Haina Mwisho, na maktaba za vijiji zikaenea.

Uchumi ulipobana miaka ya 1980, nyingi ya maktaba hizo zilifungwa. Wengine husema ni fedha tu. Mimi naona fedha ilikuwa sehemu ya sababu. Sehemu nyingine ni kwamba kila kitu kilitoka juu, na gazeti lilipoacha kuja hapakuwa na mtu kijijini aliyejiona ana wajibu wa kulitafutia mbadala. Ndiyo maana ninayoyaandika hapa yanahusu watu zaidi kuliko rafu.

Pitieni mkutano wa kijiji

Msianze na kikundi cha marafiki kwenye simu. Nendeni kwa mtendaji wa kijiji, ombeni ajenda kwenye mkutano mkuu, elezeni mnachotaka, na wananchi wapendekeze majina ya kamati. Hakikisheni jambo hilo limeandikwa kwenye muhtasari na nakala yenye muhuri mmeipata. Watendaji huhamishwa, wenyeviti hubadilika, lakini muhtasari unabaki, na siku mtu akitaka chumba chenu kiwe ghala la mbolea utakuwa na karatasi ya kumwonyesha. Kisha mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata awaelekeze namna ya kujiandikisha halmashauri. Bila usajili hamtafungua akaunti ya benki, na bila akaunti mhisani wa maana hawezi kuwaamini.

Wajumbe saba wanatosha

Kamati kubwa haikutani. Saba wanatosha, na kila mmoja aingie kwa sababu ya kazi fulani anayoiweza. Kwetu yupo fundi seremala, na kwa maoni yangu yeye ndiye mjumbe aliyetuokolea vitabu vingi kuliko sisi wote. Alitengeneza rafu zenye miguu, akaziacha umbali wa kiganja kutoka ukutani, na kila mwanzo wa mwezi huzungukia nyuma na tochi kutafuta njia za mchwa. Yupo mama mwenye genge sokoni, anayejua nani ana mtoto aliyeacha shule. Yupo mwalimu wa darasa la kwanza, yupo kijana aliyemaliza kidato cha nne, yupo mvuvi. Mhazini awe mtu aliyewahi kushika hela za watu na zikarudi; kikundi cha kuweka na kukopa ni mahali pazuri pa kumtafuta.

Kabla hamjampa mtu cheo, mpeni kazi ndogo ya wiki mbili: kuhesabu vitabu vya shule vilivyochakaa, kupita kitongojini kuuliza watu wazima wangapi wangependa kujifunza. Anayerudi na jibu, hata kama halijakamilika, huyo mchukueni. Anayerudi na udhuru mzuri, msimlaumu, ila msimpe uhazini.

Kila mjumbe aandikiwe ukurasa mmoja: kazi yake, saa anazotoa kwa wiki, na tarehe ya mwisho ya kipindi chake. Tarehe ya mwisho ni muhimu sana. Mtu anayejitolea bila kikomo huchoka kimya kimya, akaona aibu kuaga, akaanza kukosa vikao, na mwisho mnagombana. Anayejua kwamba Desemba anamaliza, hufanya kazi kwa moyo mpaka Desemba, na mara nyingi ndiye mwenyewe anayeomba aongezewe mwaka.

Mjumbe, mlezi, mshauri

Mambo haya matatu yasichanganywe. Mjumbe anafanya kazi na ana kura. Mlezi ni mtu anayeheshimika ambaye jina lake linafungua ofisi za watu. Hana kazi ya kila wiki. Mshauri ana ujuzi msiokuwa nao, anaulizwa, anajibu, na hana kura. Liandikeni hilo kwenye katiba ya kikundi kwa maneno hayohayo.

Kuhusu mlezi nina msimamo: asiwe mtu anayetafuta kura. Diwani mshirikisheni, mwalikeni, mpeni taarifa kila robo mwaka, lakini akiwa mlezi, uchaguzi ukikaribia maktaba itaonekana ya chama, na nusu ya wazazi watawazuia watoto wao. Mganga mstaafu wa zahanati, mwalimu mkuu wa zamani, mzee wa kanisa au wa msikiti anayekubalika na pande zote atawafaa zaidi.

Washauri wa kwanza wako karibu kuliko mnavyodhani. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1963 na kuundwa upya kwa sheria ya 1975, ina maktaba ya mkoa Mwanza, na wakutubi wake wanajua kazi hii. Wapelekeeni barua, kisha mmoja wenu apande kivuko akawaone ana kwa ana. Halmashauri ina afisa anayeshughulikia elimu ya watu wazima. Yeye atawaambia madarasa ya kisomo na ya MEMKWA (mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa) yaliyopo wilayani, msije mkaanzisha lenu jirani na linalokufa kwa kukosa wanafunzi. Bagamoyo kuna Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka cha Bodi hiyohiyo. Wanachuo wa ukutubi huhitaji mahali pa mafunzo kwa vitendo. Mwanachuo mmoja kwa wiki chache, akipewa mwenyeji mzuri na chakula, anaweza kuwapangia vitabu vyote na kuwafundisha wajumbe wawili.

Jambo ambalo watu hawalizingatii ni namna ya kuuliza. Ukimwambia mtaalamu "tusaidie maktaba yetu," atakupa hotuba. Mwambie: "Tuna vitabu kama mia nne, robo ni vya watoto, tuna rafu tatu na msimamizi aliyeishia darasa la saba; tuvipange kwa namba za Dewey, zile za kugawa vitabu kwa mada, au tutafute njia nyingine?" Swali la namna hiyo linapata jibu la kufanyia kazi. Sisi tulishauriwa tuanze na utepe wa rangi kwenye mgongo wa kitabu: nyekundu hadithi za watoto, kijani kilimo na uvuvi, buluu afya, njano vitabu vya shule. Watoto wasiojua kusoma bado wanarudisha kitabu mahali pake bila kuelekezwa. Namba zitakuja vitabu vikiongezeka.

Na mshauri akishashauri, baada ya mwezi mmoja mwandikieni kilichotokea, hata kama ushauri wake haukufaa. Wengi huacha kujibu kwa sababu hawakupata kujua maneno yao yaliishia wapi.

Washauri walio mbali, na maboksi yao

Wapo ndugu zetu walioko Uingereza, Marekani au Omani, na wapo wakutubi wastaafu wa nchi za nje wenye nia safi kabisa. Wanafaa sana, mradi muwe na utaratibu. Mjumbe mmoja tu awe anawasiliana nao. Msiwaingize kwenye kundi la simu la kamati, maana wataona mabishano ya nani alipoteza ufunguo na watadhani mambo yameharibika.

Watakachotaka kutuma kwanza ni vitabu. Ombeni orodha ya majina ya vitabu kabla havijafungwa, na ulizeni nani atalipia kuvitoa bandarini Dar es Salaam na kuvisafirisha mpaka Nansio, mji wetu hapa Ukerewe. Nimeona rafu za maktaba zilizojaa ensaiklopidia za Kiingereza za zamani na vitabu vya kompyuta ambazo hazitengenezwi tena, huku mtoto wa darasa la pili anayejifunza kusoma kwa Kiswahili, na nyumbani anazungumza Kikerewe au Kijita, akikosa hata hadithi moja inayomfaa. Kukataa msaada kwa adabu ni sehemu ya uongozi. Hapo mjumbe anaweza kuandika hivi:

"Habari za kazi, dada. Tunashukuru sana kwa moyo wako. Kwa sasa tunahitaji vitabu vya hadithi vya Kiswahili kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili. Vinapatikana Mwanza, na bei za duka tumekuwekea hapa chini. Ukituchangia hata ishirini, tutavinunua huku na kukutumia risiti na picha ya rafu."

Mchango wa namna hiyo unafanya mambo mawili: mtoto anapata kitabu anachokielewa, na wachapishaji wetu wanapata soko. Tangu 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukisaidia kutolewa kwa vitabu vya watoto vya Kiswahili. Vitabu vyetu vipo, tatizo ni kwamba havifiki visiwani. Kwa maktaba isiyo na fedha kabisa, tovuti ya African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili ambazo leseni yake inaruhusu kuzichapa bure. Mwenye printa Nansio atawachapia, nanyi mtakunja na kushona kwa uzi wa nyavu, ambao kwetu hauwezi kukosekana. Wa sekondari waonyesheni Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, mkiwa na simu moja nzuri na kifurushi.

Posho

Hapa kamati nyingi zinavunjika, kwa hiyo nasema wazi. Vikao vya kamati visiwe na posho. Aliyepanda bodaboda au kivuko kwa shughuli ya maktaba arudishiwe nauli kwa risiti au sahihi yake, siku hiyohiyo, bila kuombaomba. Mtu anayesubiri nauli yake miezi miwili hatatumwa tena.

Lakini anayefungua mlango siku tano za wiki alipwe. Kiwe kiasi kidogo, kiwe cha uhakika. Mtu huyo haendi shambani wala ziwani saa hizo. Kumwita wa kujitolea ni kumtwika mzigo wa kata nzima. Kwetu kila kitongoji kinachangia kidogo, sehemu inatokana na kuchaji simu kwa umeme wa jua wa maktaba na kutoa nakala za karatasi, na pengo hujazwa na watu wa nyumbani walio nje ya kisiwa. Mhisani akiuliza anunue nini, ujira wa msimamizi uwe juu ya orodha, kabla ya vitabu. Wengi hawapendi kulipia mishahara. Waelezeni kwa upole kwamba rafu mia bila msimamizi ni stoo.

Watia saini kwenye akaunti wawe watatu na wawili lazima wasaini. Mapato na matumizi yabandikwe mlangoni kila mwezi, kwa mwandiko mkubwa.

Daftari

Kompyuta si lazima. Daftari la kaunta lenye jalada gumu linatosha: tarehe, jina, kitongoji, kitabu, sahihi, tarehe ya kurudisha. Mahali pa sahihi, asiyejua kuandika anaweka dole gumba. Wekeni kidau cha wino na kitambaa cha kufutia kidole, maana mtu mzima hapendi kutoka na kidole cheusi watu wakimwangalia. Kwenye daftari letu kuna mama mmoja ambaye kurasa za mwanzo ni dole tupu, katikati zinaanza herufi mbili kubwa zilizopinda, halafu jina la kwanza, halafu yote mawili. Mshauri au afisa akija kuuliza mafanikio yenu, msimpe hotuba. Mfungulieni daftari, mmwonyeshe sahihi hizo, huku mkifunika majina.

Faini ya kuchelewesha kitabu msiiweke. Inawakimbiza walewale mnaowataka. Kijana wa kamati apite nyumbani Jumamosi, apige hodi, aulize kama wamemaliza kusoma.

Watu wazima: macho na mwezi

Darasa la kisomo likianza, baadhi ya wazee watakuambia waliwahi kujua kusoma, wakasahau. Usiwaandikishe mara moja kwa herufi a, e, i. Mpe mzee gazeti umwangalie. Akilisogeza mbali mpaka mkono unyooke, au akisema herufi zinacheza, huenda hajasahau chochote. Macho yake yamefika umri wa kutoona vya karibu, kama inavyompata karibu kila mtu aliyevuka miaka 45 hivi. Tulimpa mzee mmoja miwani ya kusomea ya namba mbili, akalitazama gazeti kwa muda, akasoma kichwa cha habari, akaendelea kusoma kwa sauti ukurasa mzima bila kuombwa. Maktaba ya watu wazima iwe na miwani ya kusomea ya namba mbalimbali, kuanzia moja mpaka tatu na nusu, imefungwa kamba mezani. Mshauri wa afya wa kamati, muuguzi au mganga, awapeleke hospitali wale ambao miwani haiwasaidii, wasije wakawa na mtoto wa jicho au presha ya macho.

Ratiba nayo ifuate maisha ya watu. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, na mwaloni, mahali mitumbwi inapoegeshwa, watu wanakaa siku kadhaa bila kazi. Kamati inayopanga darasa la wavuvi kila Jumatatu na Jumatano haijawauliza wavuvi. Sisi tunahesabu kwa mwezi: mbalamwezi ni masomo ya nguvu, giza likirudi tunawaachia sanduku la bati lenye vitabu na magazeti, ufunguo akiwa nao katibu wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo. Mwombeni huyo awe mjumbe au mshauri wenu; wavuvi wanamsikiliza kuliko mwalimu. Wanachopenda kusoma ni bei za samaki, kanuni za nyavu, habari za mpira na barua zao wenyewe. Anzieni hapo.

Watoto

Hili halina majadiliano. Mtu mzima mmoja asibaki peke yake na watoto ndani, awe mjumbe, mlezi au mgeni kutoka nje. Siku ya zamu wawe wawili, mlango na madirisha wazi. Mgeni asipige picha za watoto bila ruhusa ya wazazi, na jina la mtoto lisiandikwe chini ya picha. Kuna Sheria ya Mtoto ya 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mshauri wa sheria, hata akiwa wa simu tu, awaandikie ukurasa mmoja wa masharti, na kila anayeingia kusaidia aweke sahihi kabla hajakabidhiwa kitabu cha kuwasomea.

Kukabidhiana

Kila mwaka wajumbe wawili au watatu wamalize muda, wasiondoke wote kwa pamoja. Tarehe 8 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Kisomo, sisi huitumia kwa hilo, kwa kuwa watu wanakusanyika tayari. Anayeondoka anamkabidhi anayeingia mbele ya mkutano: funguo zote pamoja na za akiba, daftari la kuazima, daftari la fedha na kitabu cha benki, muhuri, nakala ya muhtasari wa mkutano wa kijiji, namba za simu za washauri na nani huwasiliana na nani, na orodha ya vitu vilivyoazimwa nje ya kata. Wote wawili wanasaini, mtendaji anashuhudia. Kwa miezi mitatu ya mwanzo aliyeondoka aendelee kupokea simu ya aliyeingia.